Uliza Faili Kabla ya Kuuliza Bei

Usiku mmoja wa Jumapili dada mmoja wa hapa Brooklyn Park, Minnesota, alinipigia simu akinong'ona. Alikuwa amejifungia bafuni ili wageni waliokuwa sebuleni wasimsikie. Mama yake, ambaye yeye ndiye alimleta kutoka nyumbani miaka minane nyuma, alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Mara mbili majirani walimkuta barabarani na ndala miguuni, theluji imejaa, akitafuta njia ya shambani. Dada huyu ana kazi mbili na watoto watatu. Alikuwa amepata makao ya wazee dakika kumi tu kutoka kazini kwake. Ukumbini kulikuwa na piano, mkate ulikuwa unanukia kutoka jikoni, na meneja alikuwa amemshika mama mkono na kumwita malkia. Saini ingetiwa Jumanne. Ombi lake kwangu lilikuwa moja: nisimwambie mtu.

Nilimuuliza leseni ya nyumba hiyo imeandikwa kwa jina gani. Akanyamaza. Nikamwomba afungue kompyuta wageni wakiondoka, nami nikafungua yangu. Kufika saa tano na nusu usiku tulikuwa tumesoma ripoti tatu za serikali kuhusu nyumba ile. Moja ilieleza habari za mkazi mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka kwa mlango wa nyuma uliokuwa umezimwa king'ora. Hakuna aliyejua kwa zaidi ya saa nzima. Nyingine, miezi kumi na minne baadaye, ilikuwa ya mkazi mwingine na mlango uleule. Jumanne hakutia saini.

Nimefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka mingi, zamu za mchana na za usiku, na simu za namna hii napokea nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwetu kumpeleka mzazi kwenye makao bado ni jambo la kusemwa kwa sauti ya chini, maana ukisikika utaambiwa umemtupa mama yako. Sibishani na hilo hapa. Ila nimeona aibu hii inavyotufanya tuchague haraka na kimyakimya. Mtu akinunua gari lililotumika atauliza watu kumi, atamwita fundi alale chini ya injini. Akitafuta pa kumweka mama haulizi mtu hata mmoja, kwa sababu kuuliza ni kujitangaza. Ndiyo maana nasisitiza faili. Faili la ukaguzi unalisoma peke yako, usiku, bila kumfungulia mtu moyo wako, na limeandikwa na mkaguzi ambaye halipwi na nyumba hiyo.

Tuanze na jambo linalowapoteza wengi. Marekani ina makao ya wazee ya namna mbili kubwa, na rekodi zake haziko mahali pamoja. Kuna makao ya uuguzi, yanayoitwa nursing home, ambako mzee yuko chini ya wauguzi saa zote. Hayo yanafuata masharti ya serikali kuu tangu sheria ya mwaka 1987. Yakipokea fedha za bima za serikali, Medicare au Medicaid, lazima yakaguliwe, na haipiti zaidi ya miezi 15 kati ya ukaguzi na ukaguzi. Matokeo unayapata kwenye tovuti ya Medicare, sehemu inayoitwa Care Compare, yakiwa na nyota kuanzia moja hadi tano, na ripoti zenyewe za wakaguzi ziko chini yake. Ukifika kwenye makao hayo, una haki pia ya kuona ripoti za ukaguzi pale pale, maana sheria inataka ziwekwe mahali ambapo mkazi na mgeni anaweza kuzifikia bila kuomba.

Namna ya pili ni makao ya kusaidiwa. Kiingereza chake ni assisted living, na maneno hayo yashike kwa kuwa utayahitaji kwenye utafutaji. Hapa mzee ana chumba chake na mlango wake. Anasaidiwa kuoga, kuvaa, kumeza dawa, na anapikiwa. Makao haya ni zaidi ya 30,000 nchi nzima, na serikali kuu haiyapi leseni wala nyota. Kila jimbo lina sheria yake, idara yake, na tovuti yake. Kwa hiyo ukiyatafuta kwenye Care Compare hutayaona, na wengi huishia hapo wakiamini hakuna rekodi. Zipo, ila ziko kwenye jimbo.

Usitegemee kwamba kuna mtu Washington D.C. anayezijumlisha. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti kuhusu majimbo 48 yaliyokuwa yakilipia huduma hizi kupitia Medicaid. Kati ya hayo, 26 hayakuweza kutaja idadi ya matukio mazito yaliyowapata wazee kwenye makao hayo. Hadi leo nikiikumbuka hesabu hiyo nakasirika. Zaidi ya nusu ya majimbo hayakujua. Basi wa kujua habari za nyumba moja, ile ya mzazi wako, ni wewe.

Kazi ya kwanza ni kujua jimbo lako linaiitaje nyumba ya aina hiyo, kwa sababu ukikosea jina la aina hutapata kitu. California inaziita residential care facilities for the elderly, na zinasimamiwa na Department of Social Services kupitia kitengo chake cha leseni, Community Care Licensing. Texas zipo chini ya Health and Human Services Commission. Washington, kule Seattle na Tacoma, idara ni Department of Social and Health Services (DSHS), na nyumba zenyewe zimegawanywa: yenye wakazi saba au zaidi ni assisted living, ndogo ya watu hadi sita ni adult family home, ambayo kwa kibali maalumu inaweza kufika wanane. Florida ni Agency for Health Care Administration. Massachusetts haitoi leseni bali cheti, hivyo anayetafuta neno leseni kwenye tovuti yao anaweza kuzunguka bure. Hapa Minnesota ni Minnesota Department of Health.

Unapotafuta kwenye intaneti, andika jina la jimbo, kisha assisted living, kisha inspection reports au license lookup. Majibu ya juu kabisa mara nyingi si ya serikali. Ni tovuti za madalali wa makao, zenye picha za wazee wanaocheka na namba ya simu ya kupiga bure. Tazama mwisho wa anwani ya tovuti: ya serikali huishia kwa .gov, au kifupi cha jina la jimbo kikifuatwa na .us, kama ile ya idara ya afya ya Minnesota. Dalali hakutozi wewe senti. Analipwa na nyumba mzee akishaingia. Wapo wenye moyo mzuri, nimewaona. Lakini nyumba ambayo haina mkataba naye hatakuonyesha, na hakuna kinachomsukuma akusomee ripoti ya mwaka jana.

Sasa jina. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanaposhindwa.

Jina lililo kwenye kibao cha barabarani si lazima liwe jina la kwenye leseni. Kibao kinaweza kutaja maua, kijito au kilima, na leseni ikawa ya kampuni yenye jina la herufi tatu na namba. Ukiandika jina la kibao, tovuti itakujibu kwamba hakuna matokeo, nawe utashukuru Mungu kwamba nyumba ni safi. Usishukuru bado. Omba kuona leseni. Mara nyingi imetundikwa karibu na mlango mkuu au kaunta ya mapokezi. Nakili mambo matatu: jina la mwenye leseni, namba ya leseni, na anwani kamili. Kisha tafuta kwa kila moja. Mimi naiamini anwani kuliko vyote, kwa sababu kampuni hubadilisha majina lakini jengo halihami.

Nyumba pia huuzwa. Mwenye nyumba mpya huja na leseni mpya, na faili lake jipya huwa jeupe kama shuka, huku wafanyakazi, ngazi na mlango wa nyuma vikiwa vilevile. Ukiona leseni ina mwaka mmoja au miwili na jengo lina miaka ishirini, uliza nani alikuwa na leseni kabla, nawe uende ukasome faili la huyo. Halafu fanya kinyume chake: chukua jina la mwenye leseni wa sasa uone kama ana nyumba nyingine jimboni, usome na hizo. Mwenye nyumba sita anayepatikana na kosa lilelile la dawa kwenye nyumba nne amekuonyesha namna anavyoendesha kazi.

Kwa Minnesota kuna jambo la ziada. Jimbo letu lilichelewa sana. Mwaka 2017 gazeti la Star Tribune lilichapisha mfululizo wa habari kuhusu wazee walioteswa na kupuuzwa, huku malalamiko yakirundikana bila kuchunguzwa. Mwaka 2019 Bunge la jimbo likapitisha sheria, na leseni za makao ya kusaidiwa zikaanza tarehe 1 Agosti 2021. Kabla ya siku hiyo nyumba zilisajiliwa tu kama makazi yenye huduma, na leseni iliyokuwapo ilikuwa ya mtoa huduma za nyumbani. Kwa hiyo nyumba ikikuambia iko tangu 2010, usitafute rekodi zake za zamani kwa jina la makao pekee. Tafuta na jina la yule aliyekuwa akitoa huduma ndani ya jengo.

Angalia pia aina ya leseni, hasa kama mzazi ameanza kusahau. Minnesota ina ngazi mbili: ya kawaida, na ya nyumba zinazotunza wenye ugonjwa wa kusahau. Nyumba isiyo na ngazi ya pili hairuhusiwi kujitangaza kwamba ni mahali maalumu pa wagonjwa hao wala kuwa na sehemu iliyofungwa kwa ajili yao. Texas wana aina A na aina B. Aina A ni ya wakazi wanaoweza kutoka wenyewe moto ukizuka, aina B ni ya wanaohitaji kusaidiwa. Ukimkuta meneja anayekubali kumpokea mama asiyejua mlango uko wapi, na leseni yake ni aina A, ondoka.

Ukishalifungua faili, utakuta karatasi za aina tatu au nne. Kuna ukaguzi wa kawaida, ambao wakaguzi hufika wenyewe kwa ratiba ya sheria. Kuna uchunguzi wa malalamiko, mtu akipeleka shitaka. Kuna ziara ya kurudi kuangalia kama kosa limerekebishwa. Na kuna barua za adhabu: faini, masharti juu ya leseni, amri ya kutopokea wakazi wapya. Ukiwa na saa moja tu, soma malalamiko kwanza na barua za adhabu pili.

Usiogope Kiingereza cha ripoti hizo. Muundo wake haubadiliki sana: mtu alilalamika nini, mkaguzi alimhoji nani na kusoma nini, alikuta nini, ameamua nini. Majina hayamo, mkazi ataitwa herufi au namba. Neno la kutafuta mwishoni ni substantiated, maana yake imethibitika. Lakini usiiruke iliyoandikwa kinyume chake. California hutofautisha malalamiko yasiyo na msingi kabisa, unfounded, na yale ambayo huenda yalitokea ila ushahidi haukutosha, unsubstantiated. Minnesota wana neno inconclusive, kwamba haikuweza kuamuliwa. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ni shahidi dhaifu mbele ya mkaguzi. Akivunjika nyonga saa nane za usiku na mfanyakazi akasema alimkuta tayari yuko chini, nani atathibitisha? Nikiona malalamiko matano yasiyothibitika kwenye nyumba moja, yote ya zamu ya usiku, mimi nayahesabu.

Uzito wa kosa nao hupangwa. California wana kosa la aina A, lenye hatari ya papo hapo, na aina B, linaloweza kuleta hatari lisiporekebishwa. Minnesota wana ngazi nne. Ya tatu ni mkazi ameumia au angeweza kupata jeraha kubwa, ya nne ni jeraha kubwa au kifo. Pembeni ya ngazi huandikwa kama kosa liligusa mmoja au wachache, lilijirudia, au limeenea nyumba nzima.

Idadi ya makosa haikuambii kitu mpaka uyasome. Nyumba inaweza kuwa na makosa kumi na mawili, tisa yakiwa ya karatasi: fomu haikusainiwa, mafunzo ya mfanyakazi hayakuandikwa tarehe, friji haikuwa na kipimajoto. Nyumba nyingine ina moja tu, nalo ni kwamba kengele ya mkazi ililia dakika arobaini bila mtu kufika. Mimi ningempeleka mama kwenye ile ya kumi na mawili. Ninachotafuta ni kosa linalorudi. Katika majimbo mengi nyumba huandika yenyewe mpango wa kurekebisha, nao upo ndani ya faili. Ukikuta mwaka huu wameandika kwamba wafanyakazi watafundishwa upya kugawa dawa, na mwaka juzi waliandika hivyohivyo, na mwaka wa kabla yake pia, ujue tatizo si mafunzo. Huenda mtu mmoja anagawa dawa kwa wazee thelathini huku simu inalia na kengele mbili zinawaka. Nimeshika kitabu cha dawa katika hali hiyo na najua nafasi tupu huachwaje kwenye karatasi.

Hapo niseme neno kwa wenzangu tunaofanya kazi hizi, maana ni wengi: Wakenya na Watanzania wa Minneapolis, Wakongo wa Texas na Kentucky, Warundi na Wanyarwanda wa Maine. Faili hili ni lako pia kabla ya kukubali ajira. Katika uchunguzi wa unyanyasaji au upuuzaji, Minnesota huamua kama lawama ni ya nyumba au ya mfanyakazi mmoja. Uamuzi ukikuangukia wewe, unaweza kufungiwa kazi ya utunzaji kwa miaka. Soma ripoti za nyumba unayoomba kazi uone lawama huangukia wapi. Nyumba ambayo kila tukio linaishia kwa mfanyakazi wa zamu aliyekuwa peke yake na wazee ishirini itakufanyia na wewe vivyo hivyo.

Na ikiwa faili halina kitu? Tazama tarehe. Minnesota sheria inataka ukaguzi angalau mara moja kila miaka miwili. California, tangu Januari 2019, ni kila mwaka. Nyumba iliyofunguliwa miezi saba nyuma inaweza kuwa haijafikiwa na mkaguzi. Kimya cha namna hiyo hakina maana nzuri wala mbaya, na usikubali meneja akuuzie kama sifa. Muulize ukaguzi wa mwisho ulikuwa lini, kisha ulinganishe jibu lake na tovuti.

Tovuti nyingine huweka miaka michache tu, nyingine zinaonyesha orodha ya makosa bila ripoti yenyewe. Hapo unaandika barua pepe kwa idara. Kila jimbo lina sheria ya kumpa mwananchi nyaraka za serikali. California ni Public Records Act, Texas ni Public Information Act, Minnesota ni Government Data Practices Act. Huhitaji wakili wala kueleza kwa nini unataka. Andika Kiingereza chepesi: jina la nyumba, namba ya leseni, anwani, kisha omba ripoti zote za ukaguzi, ripoti za malalamiko, mipango ya kurekebisha na barua za adhabu za miaka mitano iliyopita, zitumwe kwa barua pepe. Omba waseme kwanza kama kuna malipo kabla hawajaanza kunakili. Ukijibiwa kwamba faili ni kubwa, anza na malalamiko ya miaka miwili. Barua hii inaweza kuchukua wiki, hivyo itume siku ileile unapoanza kufikiria nyumba, usingoje wiki ya kuhama.

Kama huna muda kwa sababu ya zamu, kumbuka kwamba tovuti hizi zinafunguka popote. Kaka aliyebaki Mombasa au mpwa aliyeko chuoni Dodoma anaweza kukaa na simu jioni moja akakusomea ripoti kumi. Wengi nyumbani hutuuliza wasaidie vipi katika ulezi wa mama aliye mbali, nasi tunakosa la kuwajibu. Wape anwani ya nyumba na namba ya leseni.

Yuko pia mtu ambaye watu wetu hawamjui kabisa, nami natamani wangemjua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, Long-Term Care Ombudsman, na tangu 1978 sheria ya taifa inalilazimu kila jimbo kuwa naye. Huduma yake ni bure na mazungumzo ni siri. Huyu amezunguka kwenye nyumba hizo, anajua ipi ina malalamiko ya kila mwezi na ipi hubadilisha meneja kila mara. Hatakuchagulia nyumba. Lakini ukimuuliza ni malalamiko ya aina gani huyasikia pale, atakueleza anachoruhusiwa kusema, na wakati mwingine namna anavyolipima jibu lake inatosha. Kumpata, piga Eldercare Locator, 1-800-677-1116, utaje jimbo na mji wako. Kama Kiingereza kinakukwaza, ukishaunganishwa sema Swahili interpreter, please, usubiri kwenye simu. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazibana ofisi zinazotumia fedha za serikali kuu zisimnyime mtu huduma kwa sababu ya lugha. Usimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kukutafsiria ripoti ya kifo cha mzee.

Nyumba ndogo za mitaani nazo nizitaje, zile za wakazi wanne hadi sita, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunakoelekea. Nyingi zinaendeshwa na wahamiaji, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Mama atapata ugali, atasalimiwa kwa shikamoo, atasikia lugha yake. Mambo hayo si madogo. Nimeona wazee waliokuwa wamegoma kula wakianza kula. Lakini tunaambiwa nyumba hizo kanisani au msikitini, na tukishajua mwenyewe ni mtu wa kwetu tunaona haya kumkagua. Zina leseni kama zile kubwa, zina faili kama zile kubwa. Kule Washington wakaguzi huzipitia angalau kila miezi 18, au hadi 24 kwa zilizokutwa bila kosa katika ukaguzi mara tatu mfululizo. Soma faili la mwenzako kwa macho yaleyale ambayo ungelisoma la mgeni, na ukikuta jambo mwulize kwa adabu. Mwenye nyumba anayeifanya kazi yake vizuri atakueleza, na mara nyingi ataenda kukuletea makaratasi mwenyewe.

Ukimaliza kusoma ndipo uende kutembelea, na uende na swali moja mahsusi kutoka kwenye ripoti. Usiulize kama wana wafanyakazi wa kutosha. Kila nyumba itasema wapo. Sema: mwezi Machi mkaguzi alikuta mlango wa mashariki hauna king'ora, nionyeshe mlango huo. Mtazame meneja. Anayekupeleka hadi mlangoni, akaufungua ukalia, akakueleza nani husikia sauti hiyo usiku, huyo amejifunza kitu. Anayekuuliza umepata wapi habari hizo, mshukuru kwa muda wake.

Rudi mara ya pili bila kuahidi, saa kumi na mbili za jioni au Jumamosi, wakati ofisi imefungwa na piano imefunikwa. Pengine utakutana na dada wa kwetu kwenye korido akisukuma toroli la chakula. Msalimie, usimwombe aisengenye nyumba inayomlipa. Muulize tu zamu ya usiku huwa wako wangapi, na mtu mmoja akiugua nani huja. Akitazama kwanza kama kuna mtu nyuma yake kabla ya kujibu, usimbane. Umeshajibiwa.

Yule dada wa simu ya bafuni alichukua wiki sita zaidi. Mama alikaa kwake, majirani wawili wakipokezana naye mchana, kwa hiyo siri ilitoka, na hakuna aliyemlaumu usoni. Nyumba aliyoipata mwishoni ina makosa matatu kwenye faili, mawili ya fomu na moja la dawa lililorekebishwa na halikurudi. Namba ya leseni ameiandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa friji, pamoja na simu ya mtetezi wa wakazi na ya kituo cha jimbo cha kupokea taarifa za unyanyasaji. Kila baada ya miezi mitatu hufungua tovuti kuona kama kuna ripoti mpya. Siku ukitaka kulalamika juu ya nyumba, jina lake na mahali ilipo ndiyo mambo ya kwanza utakayoulizwa kwenye simu, na ukiwa na namba ya leseni hakuna atakayeichanganya na nyumba nyingine.